Shajara ya studio ya sebuleni: kusaka kompyuta kwa elfu hamsini

Jumamosi, 14 Juni 2025

Leo tumeshindwa rasmi. Wifi yangu alifika kutoka Pangani, hapahapa Nairobi, saa nne asubuhi, koo limeshalainishwa kwa maji ya tangawizi, na nyuma yake shemeji na udi wake wa nyuzi. Kufikia saa saba tulikuwa tumerekodi ubeti mmoja mara kumi na moja, na zote kumi na moja zina "tak, tak" katikati ya sauti, kama kuna mtu anavunja njugu karibu na maiki. Shemeji alifunga udi kwenye mfuko bila kusema kitu. Wifi alisema: "Wifi, hiyo mashine yako ina kwikwi."

Mashine ni laptopu ya mume wangu tangu enzi za chuo. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, diski ya kuzunguka, prosesa, yaani ubongo wake, nisiyopenda kuitaja mbele ya wageni. Treki (sauti au ala moja iliyorekodiwa peke yake) ya kwanza inakwenda, ya pili inakwenda, ukiongeza ya tatu inatafakari kwanza.

Kazi yenyewe ni nyimbo sita za harusi alizokuwa akiziimba mama mkwe Mombasa. Ukimtoa yeye, wifi ndiye pekee katika familia aliyebaki anazijua zote na mpangilio wa beti zake. Sauti, udi, na ngoma za dumbak na tari, basi hivyo tu. Tayari nina maiki moja ya Shure SM58, kadi ya sauti ya nje yenye matundu mawili (kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta), na hedfoni mbili. Zamu yangu ya kupokea pesa za chama imeangukia mwezi huu, na baada ya kulipa yanayolipwa nimejiruhusu shilingi elfu hamsini. Nitaandika hapa kila hatua, nisije nikajidanganya baadaye kuhusu pesa zilikokwenda.

Jumanne, 17 Juni

Nimekaa na kalamu kabla ya kukaa na muuzaji.

Ninarekodi kwa sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 48,000 kila sekunde, kila sampuli biti 24. Hiyo ni baiti 144,000 kwa sekunde, au MB 8.6 kwa dakika kwa treki moja. Wimbo wa dakika nne wenye treki kumi na sita haufiki MB 560. Nyimbo zote sita, hata tukirudia kila kitu mara kumi, ni GB 33 na ushei. Kumbe ukubwa wa diski si shida yangu kabisa. GB 256 zinanitosha na za picha za watoto. Shida ni aina ya diski. Ile ya kuzunguka ina sindano moja inayorukaruka kutafuta treki ya udi, kisha ya tari, kisha ya sauti, na huku Windows nayo inaidai. SSD, diski ya chipu tupu, haina sindano.

Jambo la pili ni kuchelewa kwa sauti, na hapa nilichukua muda kuelewa. Kompyuta haishughulikii sauti tone kwa tone, inaichota kwa ndoo. Ndoo hiyo ndiyo bafa. Ndoo ikiwa kubwa, mchotaji anapumzika kati ya safari, lakini mwenye kiu anasubiri. Ikiwa ndogo, maji yanafika upesi, ila mchotaji akijikwaa mara moja tu, mtungi umekauka, na mkauko huo ndio "tak" yetu. Bafa ya sampuli 512 ni milisekunde 10.7, ya 128 ni 2.7. Na sauti hupita mara mbili, kuingia na kutoka, na kadi yenyewe huongeza kidogo juu yake.

Nikaligeuza kuwa mita ndipo likaniingia. Sauti hewani husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Kwa bafa ya 512, kuingia na kutoka, wifi anajisikia kana kwamba spika yake iko mita saba mbali. Ndiyo maana alikuwa anasema anaimba na mtu aliye ukumbi wa jirani.

Halafu nikakumbuka kwamba kadi yangu ina kitufe kinachompelekea mwimbaji sauti yake moja kwa moja kutoka kwenye maiki, bila kupitia kompyuta. Kuchelewa kunakwisha hapohapo, hata kwa mashine dhaifu. Kwa dakika kama tano nilifikiri nimeokoa elfu hamsini. Nikampigia wifi. Jibu lake: hawezi kuimba na sauti kavu masikioni kama mkate wa juzi, anataka mwangwi kidogo "kama wa ukumbini". Mwangwi unatengenezwa na kompyuta. Kwa hiyo tumerudi kwenye ndoo ndogo, na ndoo ndogo inataka mchotaji asiyejikwaa.

Kwa hiyo mahitaji ni haya: SSD, RAM ya GB 16 (au 8 ikiwa kuna nafasi ya kuongeza), prosesa yenye viini vinne (kama wafanyakazi wanne ndani yake), na feni isiyopiga kelele. Kioo kizuri, kadi ya michezo, kibodi ya kuwaka taa, hayo ni ya wengine.

Jumamosi, 21 Juni

Nilianzia barabara ya Luthuli kwa mazoea, kwa sababu miguu ya mtu anayetafuta kitu cha sauti Nairobi hujipeleka Luthuli yenyewe. Spika, waya, amplifaya, yote yapo. Laptopu nikazitafuta Moi Avenue, kwenye yale majengo yaliyogawanywa vibanda hadi ghorofani, kila kibanda kimeandika "Ex-UK", yaani zilizotumika Uingereza.

Kijana wa kwanza: "Madam, hii ni i7. Hii inabeba kila kitu." Elfu ishirini na nane. Nikaomba kuona jina kamili la prosesa. i7-6600U. Nikamwambia hii ina viini viwili. Akacheka, akaniambia i7 haiwezi kuwa na viini viwili, ndiyo maana inaitwa saba. Sikumlaumu, kibandiko ndicho kinachouza. Lakini i5-8350U, ambayo jina lake ni dogo, ina viini vinne, na kwa mashine za vizazi hivyo huyo ndiye mchotaji ninayemtaka. Intel walipofika kizazi cha 8 mwaka 2017 ndipo prosesa za laptopu nyembamba za ofisini zilipotoka viini viwili kwenda vinne. Tarakimu ya kwanza baada ya kile kistari ndiyo ya kusoma kwanza. Hiyo i5 na i7 ije baadaye.

Kuna sababu nyingine ya kutoshuka chini ya kizazi cha 8. Microsoft wanakoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba mwaka huu, na Windows 11 rasmi haizikubali prosesa za Intel za kizazi cha 6, wala za cha 7 isipokuwa chache sana. Vibanda vimejaa mashine hizo kwa bei za kuvutia, na sasa najua kwa nini ofisi za Uingereza zimeamua kuzitoa zote kwa pamoja. Mtu anaweza kuweka Linux akaishi nayo vizuri. Mimi kadi yangu naijua kwenye Windows na sitaki somo jipya mwezi huu.

Nimerudi nyumbani South B mikono mitupu, miguu inauma, na pakiti ya njugu. Njugu zilinikumbusha.

Jumamosi, 5 Julai

Safari hii nilikwenda na kadi ya sauti, waya wake, hedfoni, na flashi yenye wimbo wa majaribio: treki kumi na sita, tano kati yake zimewekewa mwangwi mzito makusudi. Na REAPER, programu ya kurekodia, kwa sababu faili yake ni ndogo, inajisakinisha kwa dakika moja, na unaweza kuijaribu siku sitini ikiwa kamili.

Kibanda cha kwanza walikataa. "Usichomeke kitu chako kwa mashine yetu." Sawa, ni haki yao, na ni haki yangu kutembea.

Cha pili waliniruhusu. Nilipiga wimbo, bafa 128, nikasikiliza. Haukupita hata ubeti mmoja bila tak. Labda ilikuwa draiva tu, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi, lakini muuzaji alikuwa akinitazama saa.

Cha tatu mashine ilipiga vizuri, bei elfu thelathini, mwili safi. Nikaizima na kuingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, kabla haijawaka. Inadai nywila. Muuzaji hana nywila. "Hiyo hutaihitaji, madam." Mashine ya kampuni iliyotoka na kufuli ya kampuni ni kama nyumba uliyouziwa chumba kimoja kikiwa kimefungwa: unaweza kuishi humo, lakini hujui kilichomo.

Cha nne alikuwa dada, kimya, anakula chapati na ndengu. Alisema "jaribu tu" na akaendelea kula. ThinkPad T480, ya 2018, i5-8350U, RAM GB 8 kwenye kipande kimoja na nafasi ya pili iko wazi, SSD GB 256. Wimbo ulipita wote kwa bafa 256. Kwa 128 ulitoa tak mbili. BIOS haina kufuli. Nikaandika ile amri ya powercfg /batteryreport, ambayo hutoa ukurasa unaoonyesha betri ilizaliwa na kiasi gani na sasa imebaki na ngapi. T480 ina betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa nyuma. Ya ndani ilizaliwa na Wh 24 (wati-saa, kipimo cha umeme inaoshika), imebaki na 20. Ya nje ilizaliwa na 24, imebaki na 13. Bei 36,000. Nikasema 32. Akafuta mikono. "Nitakuachia kwa 33,500 kwa sababu wewe umekuja na vyombo vyako."

Sikununua. Nataka kulala nalo.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba, siku ya maandamano. Barabara za kuingia mjini zimefungwa, kazini tumeambiwa tubaki nyumbani. Nimepata siku nzima ya kusumbuka na njia mbadala.

Kwanza zile kompyuta ndogo za mezani, kama kitabu kinene, OptiPlex Micro na EliteDesk Mini. Zenye i5-8500T zina viini sita, na bei yake vibandani ni chini ya laptopu. Kwa nguvu pekee zingeshinda. Lakini zinataka kioo, kibodi, na zaidi ya yote zinataka stima isiyokatika. Mwezi uliopita stima ilikatika mara nne nikiwa nyumbani. Ubeti bora wa wifi ukiondoka na stima, sitakuwa na uso wa kumwomba tena.

Pili, Mac zenye chipu ya M1, zilizotoka mwishoni mwa 2020. MacBook Air yake haina feni kabisa, na kwa mtu anayerekodi kwenye chumba kimoja na kompyuta hilo ni tamu kuliko halua. GarageBand inakuja bure. Bei nilizotajiwa zote zilianzia 70,000, na RAM yake imejengewa ndani, ukinunua GB 8 utazikwa na GB 8. Nikalifunga faili hilo kwa huzuni ya kweli.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeinunua ile ya dada wa ndengu. 33,500 kwa M-Pesa, risiti yenye namba ya mashine, dhamana ya miezi sita iliyoandikwa kwa mkono. RAM nyingine ya GB 8, sh. 3,000, tumeiweka palepale kaunta.

Jumapili, 13 Julai

Windows 11 imeingia bila kelele. Nimeondoa kila kitu kisichonihusu, nimesakinisha draiva ya kadi kutoka kwa mtengenezaji wake, si ile ya kubahatisha, nimeweka mpangilio wa nguvu kwenye utendaji wa juu. Bafa 128. Nikacheza wimbo wa majaribio.

Tak. Kimya cha sekunde ishirini. Tak.

Nikaweka LatencyMon, programu inayoonyesha ni draiva gani inamshika prosesa mkono wakati sauti inamhitaji. Nikaiacha ikimbie dakika kumi. Jina la juu kabisa: draiva ya Wi-Fi. Nikaizima. Dakika kumi nyingine, treki kumi na sita, hakuna hata tak moja.

Nikamtumia mume wangu ujumbe akiwa dukani: "Nimepata tatizo, ni wifi. Nikimzima, kila kitu kinakwenda sawa." Akanipigia mbio kuniuliza dada yake amefanya nini.

Hii si dosari ya mashine hii tu. Nimeijaribu hata laptopu ya zamani, na tak zake zikapungua karibu nusu kwa kuzima mtandao peke yake. Ningejua Juni angalau ningepata ubeti mmoja.

Jumamosi, 19 Julai

Wifi (wa damu) na shemeji wamekuja. Bafa 128, mwangwi masikioni. Programu inasema kuchelewa kote, kwenda na kurudi, ni milisekunde 9.8. Wifi aliimba ubeti wa kwanza, akasimama, akasema, "Sasa najisikia niko hapahapa." Nilitaka kulia, nikajifanya narekebisha waya.

Halafu shemeji akachomeka udi. Udi wake una kinasa sauti kidogo kimebandikwa kwenye ubao. Ukatoka mlio mwembamba, zzzzz, chini ya kila noti. Tulibadilisha waya, tulibadilisha tundu, tukazima friji. Mlio uleule. Kisha mtoto akajikwaa kwenye waya wa chaja ya laptopu, chaja ikachomoka, na mlio ukakatika kama umekatwa kwa kisu.

Chaja za aina hii hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na uchafu unaobaki hutafuta njia ya kushuka ardhini. Soketi ikiwa na waya wa ardhi ulio mzima, unashuka huko. Isipokuwa nayo, unapita kwenye laptopu, kwenye waya wa USB, kwenye kadi, hadi kwenye udi wa shemeji. Nimemwita fundi wa stima, sh. 1,000. Amefungua soketi ya sebuleni: tundu la tatu lipo, uzuri wake upo, waya nyuma yake haupo. Mwenye nyumba ameahidi kulishughulikia, na tangu nihamie hapa ahadi zake nazijua. (Yeyote atakayekushauri ukate pini ya ardhi kwenye plagi ili kuondoa mlio, mwambie akate yake. Hilo ni la kuua mtu.)

Suluhisho letu kwa sasa: tunarekodi kwa betri. Na hapa betri mbili za T480, ambazo nilizichagua kwa kuogopa stima kukatika, zimegeuka kuwa ndiyo sababu ya udi kusikika safi. Nimeagiza ya nje kubwa ya Wh 72, sh. 5,500. Ya ndani inashikilia mashine wakati unabadilisha ya nje, huhitaji kuizima.

Jumamosi, 26 Julai

Feni. Kwa bafa ndogo prosesa hapumziki, na baada ya nusu saa feni inaanza kupumua. SM58 haisikii mbali, lakini wifi akiimba kwa upole inaisikia. Nimenunua waya wa USB wa mita tatu, sh. 600, laptopu inakaa chumbani juu ya kiti, waya unapita chini ya mlango, na mimi ndiye ninayekaa chumbani na kibodi. Tunazungumza kwa kugonga mlango: mara moja anza, mara mbili rudia. Blanketi mbili na godoro la mgeni vimesimama nyuma ya wifi. Trei za mayai sikuziweka. Zinapendeza kwenye picha, ila sauti nzito inapita katikati yake kama haijaziona.

Nikumbuke pia kwamba ni Julai. Baridi hii inampoza kila mtu pamoja na prosesa. Februari nitajua kama feni hii ni ya upole au ni ya msimu.

Saa zinazofaa zimejipanga zenyewe: baada ya swala ya isha watoto wamelala, jirani wa juu amemaliza kusogeza viti, kuanzia saa nne unusu hadi saa sita. Treki tisa tumepata leo.

Jumamosi, 2 Agosti

Mahesabu. Mashine 33,500, RAM 3,000, betri 5,500, waya 600, fundi 1,000. Nimelipia na leseni ya REAPER, dola 60, ambayo kwa bei ya leo ni kama 7,750. Kuna watu walinicheka kwa hilo, kwamba kuna jamaa anaweka programu yoyote kwa mia tano kwenye flashi. Flashi hiyo ndiyo iliyoijaza laptopu ya mume wangu yale madudu tuliyoyakuta ndani. Jumla 51,350. Nimevuka kwa 1,350, imetoka kwenye pesa ya gesi, na mume wangu anajua.

Wimbo wa kwanza umekamilika jana usiku. Dumbak na tari tuliziweka juu baadaye, shemeji akipiga zote mbili kwa zamu, treki kumi na nne, na bafa sikuigusa. Tumempigia mama mkwe Mombasa, tukamchezea kwenye simu. Alisikiliza wote, akasema ubeti wa tatu wifi ameruka mstari.

Betri ya nje ina asilimia 31. Wifi ameshavua viatu, anasema anza.